Kujifunza fremuweki ya wavuti ambayo nyaraka zake hazijakamilika

Aliyewahi kujifunza fremuweki ya wavuti ya programu huria, yaani msimbo ulio tayari wa kujengea programu za wavuti, anaijua hali hii. Ukurasa wa kwanza wa nyaraka unakwenda vizuri: unasakinisha, unaandika mistari michache, kivinjari kinaonyesha salamu. Ukurasa wa pili nao unapita. Kisha unataka kutengeneza kitu chako mwenyewe, tuseme fomu ya kupokea picha na kuihifadhi, na hapo nyaraka zinanyamaza. Kichwa cha sehemu kipo, lakini chini yake pameandikwa tu kwamba maelezo yatakuja. Au maelezo yapo, ila funksheni inayotajwa haimo katika toleo ulilosakinisha.

Wengi wakifika hapo hushika tama na kujiona hawana kichwa cha kazi hii. Wanajilaumu bure. Mwaka 2017 GitHub ilichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu programu huria: asilimia 93 ya waliojibu walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea, na asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra wao kuchangia nyaraka, au hawachangii kabisa. Pengo unaloliona lipo kweli, na wazoefu hukutana nalo kila wiki. Wao wamezoea tu kuuliza mahali pengine. Mahali hapo ni msimbo wa fremuweki yenyewe, ule uliokwisha kuingia kwenye kompyuta yako. Huo hauwezi kutofautiana na kinachotendeka, kwa kuwa ndio unaokitenda.

Mifano mingi nimeitoa Flask na Django, za lugha ya Python, na Express, ya JavaScript. Hizi zina nyaraka nzuri, na nimezichagua kwa sababu unaweza kuzisakinisha leo ukajaribu kila hatua kwa mkono wako, halafu ukaihamishia mbinu ileile kwenye fremuweki ndogo inayokusumbua.

## Hatua ya 1: Jua toleo lako kabla hujasoma chochote

Mkwamo mwingi wa mwanzoni husababishwa na kusoma maelezo ya toleo jingine. Fungua terminali uandike amri inayohusu lugha yako (kwa mpangilio huu: Python, JavaScript, PHP na Ruby):

    pip show flask
    npm ls express
    composer show laravel/framework
    bundle info rails

Namba utakayoipata iandike mahali unapoiona kila siku. Kila ukurasa utakaousoma, uulize kwanza: unazungumzia toleo lipi?

Angalia jinsi jambo hili linavyouma. Katika Django, kabla ya toleo la 2.0 lililotoka Desemba 2017, ungeweza kuandika `ForeignKey(Mwandishi)` na mambo yakaenda. Tangu 2.0 ni lazima useme pia `on_delete`, yaani rekodi zinazotegemea zifanywe nini rekodi mama ikifutwa. Anayefuata somo la zamani hukutana na `TypeError` inayolalamikia parameta iliyokosekana, na somo lenyewe halitaji kitu kama hicho popote. Katika Flask, masomo ya zamani huingiza viongezo kupitia `flask.ext`, njia iliyoondolewa katika toleo la 1.0 mwaka 2018. Express nayo, ilipotoa toleo la 4 mwaka 2014, iliondoa vipande vingi vilivyokuwa ndani yake, `bodyParser` cha kusoma data iliyotumwa kikiwemo. Kisha toleo la 4.16 mwaka 2017 likarudisha kazi hiyo kwa jina la `express.json()`. Kwa hiyo yapo masomo ya vizazi vitatu, yote yakieleza jambo moja kwa njia tatu, na yote bado yanapatikana.

Miradi mingi hufuata utaratibu wa namba tatu, kwa mfano 3.1.2. Ya kwanza ikipanda, tarajia vitu kuvunjika. Ya pili huongeza uwezo mpya bila kuvunja vya zamani. Ya tatu hurekebisha hitilafu. Fremuweki ambayo namba yake ya kwanza ni 0 bado haijaahidi chochote, na jambo lolote linaweza kubadilika katika toleo lijalo. Nyaraka pungufu huonekana sana huko, kwa sababu mwandishi anasita kueleza kitu anachodhani atakibadilisha mwezi ujao.

Ukishajua toleo, lifunge. Kwenye Python tengeneza mazingira pekee ya mradi kwa `python -m venv mazingira` na uandike namba kamili katika `requirements.txt`. Kwenye JavaScript na PHP usifute faili za `package-lock.json` na `composer.lock`, ndizo zinazohakikisha kwamba kinachofanya kazi leo kitafanya kazi kesho.

## Hatua ya 2: Tenga kilicho cha fremuweki na kisicho chake

Nadhani hatua hii ndiyo huokoa muda mwingi kuliko zote, na ndiyo wanaoanza huiruka. Programu ya wavuti ina tabaka kadhaa: itifaki ya HTTP (kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva), HTML ya kivinjari, lugha unayoandikia, hifadhidata, na fremuweki yenyewe. Nyaraka za fremuweki hudhani kwamba tabaka nyingine unazijua. Mara nyingi unachokiita pengo la nyaraka ni jambo la HTTP ambalo mwandishi hakuona haja ya kulirudia.

Turudi kwenye ile fomu ya picha. Umeandika fomu, umetuma, na katika Flask `request.files` iko tupu. Unapekua nyaraka za fremuweki yako huku na huku na huoni kitu. Sababu iko kwenye HTML: fomu inayotuma faili lazima iwe na `enctype="multipart/form-data"`. Bila hiyo kivinjari hutuma jina la faili tu na kuacha yaliyomo. Utaratibu huu ulielezwa mwaka 1995 katika hati ya viwango RFC 1867, miaka mingi kabla ya fremuweki hizi kuzaliwa, na unafanya kazi vilevile katika Django, Laravel na Rails.

Utajuaje tatizo liko tabaka gani? Ruka tabaka mojawapo. Tuma faili bila kivinjari, kwa curl, programu ya terminali inayotuma maombi ya HTTP:

    curl -i -F "picha=@paka.jpg" http://127.0.0.1:5000/pakia

Ikipokelewa, msimbo wako wa seva ni mzima na kosa liko kwenye fomu. Isipopokelewa, iache HTML na uangalie seva. Jaribio la nusu dakika limekupunguzia nusu ya mahali pa kutafuta.

Namba za majibu ya HTTP nazo zinasema mengi kwa anayezisikiliza. 404 kwa kawaida maana yake hakuna njia iliyolingana na anwani uliyoomba. 405 maana yake njia ipo lakini haikubali aina hiyo ya ombi. Katika Flask hutokea ukituma fomu kwa POST (ombi la kutuma data) kwenye njia ambayo hukuiruhusu kupokea POST, kwa kuwa kwa kawaida njia hujibu GET (ombi la kusoma). 403 katika Django, unapotuma fomu, mara nyingi ni ulinzi wa CSRF (dhidi ya maombi ya kughushi kutoka tovuti nyingine) unaodai tokeni ambayo kiolezo chako hakikuiweka. 500 maana yake msimbo ulianguka ukiwa kazini, na maelezo yake yako kwenye terminali ya seva. Ukiona 404, usianze kukagua hifadhidata. Mara nyingi ombi lako halikufika huko.

Kama una siku moja ya kutumia, andika programu ndogo ya wavuti isiyo na fremuweki yoyote. Python ina kila kinachohitajika ndani yake:

    from wsgiref.simple_server import make_server

    def programu(mazingira, anza_jibu):
        aina = [("Content-Type", "text/plain; charset=utf-8")]
        if mazingira["PATH_INFO"] == "/":
            anza_jibu("200 OK", aina)
            return ["Karibu".encode("utf-8")]
        anza_jibu("404 Not Found", aina)
        return ["Hakuna kitu hapa".encode("utf-8")]

    make_server("127.0.0.1", 8000, programu).serve_forever()

Huu ni utaratibu wa WSGI, wa seva kuzungumza na programu ya Python, uliopendekezwa mwaka 2003, ambao Flask inasimama juu yake na Django pia huutumia. Ukiishaandika hivi, kisha ukajaribu kuongeza njia ya pili, ya tatu, fomu na kuki, utahisi mwenyewe kwa nini fremuweki ilibuniwa. Tangu hapo maswali yako yatakuwa na umbo: fremuweki hii inalinganishaje anwani na funksheni? Inanipa wapi data iliyotumwa? Inageuzaje ninachorudisha kuwa jibu? Kila fremuweki duniani ina majibu ya maswali hayo, na swali lenye umbo ni rahisi kulitafutia jibu hata pasipo nyaraka.

## Hatua ya 3: Jua ni nyaraka za aina gani zinazokosekana

Daniele Procida, aliyebuni mpango wa nyaraka uitwao Diátaxis, anazigawa katika aina nne: somo la kumshika mkono anayeanza, mwongozo wa kutimiza kazi fulani, marejeo ya kila funksheni na parameta zake, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Miradi midogo mara nyingi ina somo fupi la kuanzia pamoja na marejeo yaliyozalishwa na programu kutoka kwenye msimbo. Katikati hakuna kitu. Ukilitambua hilo hutaendelea kusoma marejeo kuanzia A hadi Z ukitumaini yatakufundisha. Yasome kama kamusi, na maelezo ya katikati uyatafute kwenye hatua zinazofuata.

Mapengo pia yana mahali pake pa kawaida. Hupatikana pale vipande viwili vinapokutana, kwa kuwa kila kipande kilielezwa peke yake. Mpangilio ni mfano mmoja: katika Express, `app.use(express.json())` ukiiandika chini ya njia zako, njia hizo zitaona `req.body` haina kitu, kwani maombi hupita kwenye tabaka kwa utaratibu ulioandika. Msimbo wote ni sahihi, mistari yote ipo, na bado haifanyi kazi. Kila unapokwama pasipo ujumbe wa kosa, shuku mpangilio kwanza.

## Hatua ya 4: Punguza mradi hadi ubaki na swali lako tu

Usijifunzie jambo jipya ndani ya mradi mkubwa. Fungua folda mpya, weka faili moja, njia moja, na lile jambo moja usilolielewa. Tumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, tangu mstari wa kwanza, na kila kinapofanya kazi hifadhi hatua hiyo. Badilisha kitu kimoja, endesha, tazama. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kikafanya kazi, hutajua kipi kilisaidia, na kesho utaanza kupiga ramli upya.

## Hatua ya 5: Soma ujumbe wa kosa wote

Orodha ndefu ya mistari inayomwagika kwenye terminali inatisha, lakini ina mpangilio. Katika Python kosa lenyewe liko mstari wa mwisho kabisa, na juu yake ni safari iliyofika hapo, ya karibuni ikiwa chini. Katika JavaScript na Ruby kosa kwa kawaida huwa juu na safari hushuka chini yake.

Anza na mstari wa kosa. Kisha pitia safari ukitafuta mistari yenye jina la faili zako, ukiacha zilizo ndani ya `site-packages`, `node_modules` au `vendor`. Ule wa faili yako ulio karibu zaidi na kosa ndio mahali ulipoikabidhi fremuweki kitu isichokitaka. Mstari unaofuata, wa kwanza ndani ya fremuweki, ndio uliokipokea. Kati ya mistari hiyo miwili ndimo mnamokaa majibu mengi.

Ukiona Python imeandika `During handling of the above exception, another exception occurred`, kuna makosa mawili, na la pili lilitokea wakati la kwanza likishughulikiwa. Mara nyingi la kwanza, lile la juu, ndilo kiini.

## Hatua ya 6: Fungua msimbo wa fremuweki

Wanaoanza huogopa hapa kuliko popote. Wanadhani msimbo wa fremuweki ni wa mabingwa. Ukweli ni kwamba umeandikwa kwa lugha ileile unayojifunza, na hutausoma wote. Unaingia na swali moja na kutoka na jibu moja.

Kwanza tafuta ulipo:

    python -c "import flask; print(flask.__file__)"

Kwenye JavaScript uko ndani ya `node_modules`, na kwenye PHP ndani ya `vendor`. Fungua folda hiyo kwenye kihariri chako.

Sasa tuchukue swali halisi: funksheni inayojibu ombi inaruhusiwa kurudisha nini? Tuseme nyaraka hazisemi. Lifanye kosa makusudi. Andika funksheni isiyo na `return`, ifungue kwenye kivinjari, na Flask italalamika kwamba funksheni haikurudisha jibu halali: `did not return a valid response`. Umepata kamba ya kuvuta. Tafuta maneno hayo kwenye folda ya Flask kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili:

    grep -rn "valid response" folda_ya_flask

Zingatia kwamba nimetafuta maneno mawili tu. Ujumbe mrefu mara nyingi hukatwa vipande kwenye mistari kadhaa ya msimbo, na katikati yake huwa na majina yanayobadilika, hivyo ukiutafuta mzima hutaupata. Chukua maneno machache ya katikati yasiyo na jina la faili au la funksheni yako.

Utaletwa kwenye `make_response` ndani ya `app.py`. Soma juu ya funksheni kwanza: pana maelezo ambayo waandishi wenyewe waliyaweka. Kisha fuata `if` moja baada ya nyingine. Kikiwa maandishi, hufanywa hivi. Kikiwa kamusi ya Python, hugeuzwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data. Kikiwa tuple, hufunguliwa kuwa jibu, namba ya hali na vichwa. Maelezo hayo yanasema hata uwezo wa kurudisha kamusi ulianza toleo lipi, yaani 1.1, na orodha toleo la 2.2. Swali lililokusumbua limejibiwa kwa ukamilifu, na jibu ni la toleo lako hasa.

Si lazima kila mara upite kwenye kosa. Python itakuonyesha msimbo wa kitu chochote kilichoandikwa kwa Python:

    import inspect, flask
    print(inspect.getsource(flask.Flask.make_response))

Ukiwa ndani, ruka usiyoyaelewa. Tafuta vitu vitatu: parameta za funksheni na thamani zake za kawaida, mahali inaporusha makosa, na inachorudisha. Thamani za kawaida ni hazina, kwani hueleza kitakachotokea usiposema neno. Funksheni ambayo jina lake linaanza na mstari wa chini, kama `_pakia`, isome lakini usiiite kwenye mradi wako. Waandishi wanakwambia wanaweza kuiondoa bila kuaga.

Ruksa kuweka `print` ndani ya msimbo wa fremuweki ili uone kinachopita, mradi ukimaliza usakinishe upya kwa `pip install --force-reinstall` na namba ya toleo lako. Marekebisho yanayosahaulika humo huzaa matatizo ambayo hakuna mwingine atakayeyaona kwenye kompyuta yake.

## Hatua ya 7: Simamisha programu katikati

Kusoma kukishindwa, simamisha. Tangu Python 3.7 ya mwaka 2018 unaandika `breakpoint()` mahali popote, na programu inasimama hapo ikikusubiri. Herufi chache zinatosha: `w` inaonyesha ulipo katika safari, `u` inakupandisha kwa aliyekuita, `p jina` inaonyesha thamani, `n` inakwenda mstari unaofuata, `s` inaingia ndani ya funksheni, `c` inaachia iendelee. Kwenye JavaScript andika `debugger` na uendeshe kwa `node inspect`.

Ukiwa umesimama, uulize kitu chenyewe. `request.__class__` itakwambia ni klasi gani, na `dir(request)` itakupa majina yote iliyonayo. Mara nyingi uwezo uliokuwa ukiutafuta kwenye nyaraka unalikuta jina lake hapo hapo.

Hadhari moja nzito: hali ya kudibagi ya Flask huonyesha ukurasa wa makosa ambao ndani yake mtu anaweza kuendesha msimbo wa Python. Iwashe kwenye kompyuta yako tu. Kwenye seva inayofikiwa na watu wengine, izime kabisa.

## Hatua ya 8: Majaribio ya fremuweki ni nyaraka zinazoendeshwa

Kifurushi ulichosakinisha mara nyingi hakina majaribio. Chukua hazina kamili ya msimbo na uisogeze kwenye toleo lako:

    git clone https://github.com/pallets/flask
    cd flask
    git checkout 3.0.0

Ndani ya folda `tests` utaona matumizi ya karibu kila uwezo, yakiwa madogo na kamili, pamoja na tokeo linalotarajiwa. Kwa swali letu la majibu, `tests/test_basic.py` ina `test_response_types`, ambamo aina mbalimbali za majibu zinarudishwa moja baada ya nyingine na kukaguliwa. Jaribio likiwa limepita kabla toleo halijatoka, mfano wake unafanya kazi. Somo la mtu kwenye mtandao halina dhamana hiyo. Tumia `git grep` na jina la funksheni unayoitaka, na uangalie pia folda ya `examples` kama ipo.

Git ina zawadi nyingine. Kitu kikiwa kimetoweka, iulize historia:

    git log -S "before_first_request" --oneline

Amri hii huorodhesha mabadiliko yaliyoongeza au kupunguza maneno hayo. Fungua la karibuni kwa `git show` na namba yake, usome maelezo. `before_first_request` iliondolewa katika Flask 2.3 mwaka 2023, na kwenye faili ya mabadiliko, `CHANGES.rst`, utaikuta imetajwa. Miradi mingine huiita faili hiyo `CHANGELOG.md`. Isome kati ya toleo la somo unalofuata na toleo ulilo nalo. Ni kurasa chache, na zinaeleza makosa mengi kabla hujayapata.

## Hatua ya 9: Uliza, ukiwa na cha kuonyesha

Tafuta kwanza kwenye taarifa za hitilafu za mradi, zikiwemo zilizofungwa. Zilizofungwa zina majibu.

Usipopata, andika swali lenye vitu hivi: toleo la fremuweki na la lugha, faili moja ndogo ambayo mtu anaweza kuinakili na kuiendesha, ulichotarajia, ulichopata pamoja na ujumbe mzima wa kosa kama maandishi na wala si picha, na mahali kwenye msimbo ulipokwishaangalia. Faili ile ya hatua ya nne inakufaa hapa. Mara nyingi, katika kuiandaa, jibu hujitokeza. Lisipojitokeza, mtunzaji anayejitolea baada ya kazi zake ataona umemrahisishia, na atakuwa na hamu ya kukujibu.

Programu za akili mnemba zinasaidia kueleza kipande cha msimbo ulichokipata hatua ya sita. Zikiulizwa kuhusu fremuweki isiyo na nyaraka nyingi, huchanganya matoleo na wakati mwingine hubuni majina ya funksheni yanayovutia kwa kufanana na ya kweli. Dawa ni ileile: tafuta jina hilo kwa grep. Kama halimo kwenye folda, halipo.

## Hatua ya 10: Pima kama inafaa kuendelea

Si kila fremuweki inastahili jasho lako. Angalia badiliko la mwisho lilifanyika lini, taarifa za hitilafu zinajibiwa au zinarundikana, na kama tatizo la usalama liliwahi kuripotiwa bila kurekebishwa. Nyaraka pungufu kwenye mradi ulio hai zinavumilika. Mradi ulionyamaza, na ambao unadai toleo la lugha lisilotunzwa tena, kama Python 2 iliyoachwa tarehe 1 Januari 2020, uache bila majuto. Ulichojifunza kuhusu HTTP, kusoma makosa na kupekua msimbo unahama nacho.

## Hatua ya 11: Ziba pengo uliloliona

Kuna kitu unacho ambacho mtunzaji amekwisha kukipoteza: bado unakumbuka kutojua. Yeye hawezi tena kuona kwamba sehemu ya kupakia faili haisemi `enctype`, kwa sababu kwake ni kama hewa. Ukisubiri mpaka uwe mzoefu, nawe utaacha kuiona. Kwa hiyo tunza faili ya maandishi tangu siku ya kwanza: swali, toleo, jibu, na mahali ulipolipata. Huo ndio msingi wa mchango wako.

Soma `CONTRIBUTING` ya mradi. Nyaraka zenyewe kwa kawaida ziko kwenye folda ya `docs`, katika faili za `.rst` au `.md`, na hazihitaji uujue msimbo wote. Anza na kidogo: aya moja, au mfano mmoja uliouendesha mwenyewe kwenye toleo la sasa. Katika maelezo ya mchango andika ulikwama wapi na ni mstari gani wa msimbo au jaribio gani linathibitisha ulichoandika, ili mkaguzi asilazimike kuchunguza upya. Wakikuomba ubadilishe maneno, badilisha. Wanajua msomaji mwingine atakayepita hapo anatoka wapi. Wiki kadhaa zikipita bila jibu, ongeza ujumbe mmoja wa upole kuuliza kama kuna kinachokosekana, na wakati unasubiri endelea na swali linalofuata kwenye faili yako.